Mifuko Mitatu, Yai Moja

Katuba, siku ya tano, Ijumaa, jioni. Mvua ilianza asubuhi, ikaacha saa sita, ikarudi tena kama mtu aliyesahau kofia yake. Bati linalia, uwanja wote ni matope mekundu. Mimi niko mezani na kaye hii, daftari langu.

Kaye yangu, wewe unanijua. Sista wa foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake, alipotufundisha sisi wake wa wafanyakazi kushona na kufuma, alisema pia kila mwanamke awe na kaye ya kuandika yale asiyoweza kusema pa kisima. Nilimtii. Humu ndani bado naitwa Veronika, jina langu la ubatizo, ingawa kwenye karata ya raia, kitambulisho changu, liliondolewa kama majina ya kizungu ya watu wote. Nje mimi ni Mama Monga.

Leo nimejua kitu ambacho kimekuwa ndani ya nyumba yangu miaka tisa.

Nianze mwanzo, la sivyo nitalia kabla ya kufika. Mume wangu, Baba Monga, mchana ni fundi wa atelier, anachonga vyuma vya mashine za mgodi. Posho jioni, yaani Jumamosi, wakati wengine wanapumzika kwa kungoja Misa ya kesho, yeye ni mtu mwingine: Professeur Nkuba, bwana wa kiini macho. Zamani alijiita Professeur Tonnerre. Majina ya kizungu yalipokatazwa akageuza, radi ikabaki radi. Anacheza kwenye cercle, kumbi za wafanyakazi, kwenye arusi, kwenye sikukuu za chama. Anazo kamba, karata na pete, lakini watu wanamjia kwa ajili ya mfuko wa yai.

Mchezo wenyewe ni huu. Anaonyesha mfuko mdogo wa kitambaa, mtupu. Anatia yai. Yai linapotea. Anageuza mfuko ndani nje, anaupiga gotini, anaukanyaga kwa kiatu, anamwita mtu wa mstari wa mbele atie mkono: hakuna kitu. Halafu anapuliza, na yai liko palepale. Mwisho analipasua kwenye glasi ili watu waone ute na kiini. Hapo watu wanapanda juu ya viti.

Mimi ndiye niliyemshonea mfuko huo. Au niseme tu: nilimshonea mfuko.

Niliukata kwenye bitana nyeusi ya kanzu ya zamani ambayo masista walikuwa wameitupa. Kwanza roho ilinikatalia, kwa sababu mfuko wa siri ni uongo wa kitambaa. Nikaenda kuungama kabla hata ya kushika sindano, sijui kama inaruhusiwa. Padiri mzee alicheka mpaka kiti cha kitubio kikalia. Akasema, "Mama, kama yai linarudi na hakuna aliyeumia, shona." Hata hivyo nilijipa malipizi mwenyewe. Kila posho, yeye akiwa jukwaani, mimi nasali kumi moja la rozari, nusu kwa ajili ya uongo ule, nusu ili yai lisianguke.

Na mayai pia ni kazi yangu. Kila posho asubuhi nachukua mayai matatu, natoboa juu na chini kwa sindano, napuliza ute na kiini kwenye sahani, kisha naziba matundu kwa nta ya mshumaa. Ganda moja la mchezo, mawili ya akiba. Ganda tupu ni jepesi, halimsumbui kidoleni. Yaliyobaki kwenye sahani tunakaanga na kitunguu. Ndiyo maana kwetu posho ni siku ya omelette, na watoto siku hiyo hawahitaji kuamshwa.

Mara moja tu nilimuuliza: na lile unalolipasua kwenye glasi? Akanitazama kwa jicho la Professeur. "Mama Monga, ile niko nabadilisha mu mukono ya koti. Siri ya kazi." Nikaridhika. Niliona hata ndani ya ndoa mtu anaweza kubaki na siri moja, ndogo kama yai.

Ukumbini nakaa mstari wa mbele, na Feza kando yangu. Feza ni rafiki yangu tangu foyer. Ni watu wa Maniema, Waislamu. Kwao walimkataza kula kwa mkono wa kushoto, akatii, lakini sista mwenyewe alishindwa kumzuia kushona nao. Amekula Noeli kwangu, nimekula Idi kwake, watoto wetu wamevaliana viatu. Saa ya yai inapofika, ukumbi mzima unashika pumzi. Mimi nashika rozari yangu, na najua. Wao hawajui yai liko wapi. Mimi najua. Hiyo ilikuwa mali yangu, kaye. Shule yangu ni fupi, na Kifaransa changu kinaishia pa bonjour. Lakini posho jioni nilijua kitu ambacho hata wakubwa wenye abacost, suti zao za chama, hawakukijua.

Na kila siku ya tano, akirudi kutoka kazini, ananiambia neno lilelile, bila kukosa: "Bila mufuko yako, miye niko mutu wa bure."

Kesho anacheza kwenye cercle ya Bel-Air, mbele ya wakubwa na wageni wanaotoka Kinshasa. Kwa mvua hii niliogopa vitu vyake vitaota ukungu, basi saa nne nikawasha makaa ya pasi, nikafungua sanduku lake la kazi. Huwa silifungui. Halina kufuli, ni heshima tu.

Nikatoa karata, nikatoa kamba, nikatoa mfuko wangu mweusi. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha mkono kilichokunjwa vizuri, kulikuwa na mifuko mingine miwili.

Nikaipanga yote mitatu kitandani, mmoja mmoja, kama tunavyopanga nguo za marehemu siku ya kugawa.

Wangu kwanza. Kitambaa bado kigumu. Pembe bado kali. Nikageuza pindo, nikaona alama ya chaki niliyoipiga siku ya kukata. Miaka tisa, na chaki yangu iko pale, nyeupe, kama ya jana. Nguo ambayo haijapata jasho la mtu.

Wa pili ni wa flaneli, nyekundu ya damu iliyokauka. Huo umefanya kazi. Mdomo umelegea, kitambaa kimeng'aa kwa vidole, pembe moja imepigwa kiraka, na kiraka kimeshonwa kwa uzi wa bluu. Wa tatu ni ndugu yake, flaneli ileile, umri mdogo.

Nikaleta yai zima kutoka jikoni. Nilitaka mikono yangu ijue, si macho tu.

Katika wangu, mfuko wa siri uko karibu na mdomo na unaangalia juu. Kwa nini juu? Kwa sababu kila mfuko niliopata kushona maishani, wa suruali, wa shati, wa aproni, unaangalia juu. Sista alitufundisha hivyo na sikujua mfuko wa namna nyingine. Nikatia yai, nikapindua. Yai likaangukia godoro. Nikajaribu tena, safari hii nikilibana kwa kidole gumba kama nilivyomfundisha Baba Monga. Lilitulia kidogo, likateleza.

Nikachukua wa flaneli. Humo mfuko wa siri ni nusu ya bitana, imeshonwa juu na pembeni, na mdomo wake unaangalia chini. Unaelewa, kaye? Chini! Mfuko ukisimama, huoni kitu. Ukiupindua, yai linaingia lenyewe, kama kuku anayejua banda lake. Nikautikisa. Nikaupiga gotini. Nikatia mkono: mtupu. Nikausimamisha tena, yai likaja kiganjani. Nilishtuka, nikacheka peke yangu chumbani kama mtoto wa ukumbini.

Halafu nikaacha kucheka.

Lilikuwa yai zima, na nta haikuwapo. Kumbe hakuna kitu kinachobadilishwa mkononi mwa koti. Maganda yangu ni ya nini basi?

Ni kazi nzuri. Naandika hivyo kwa sababu Mungu ananiona. Mshono mdogo, sawasawa, bitana imelala bila kukunjamana. Lakini nyuzi za pindo zimelala upande usio wangu. Sisi tunaoshona kwa mkono wa kuume, nyuzi zetu zinainama upande mmoja, kama mvua ikipigwa na upepo. Hizi zinainama upande wa pili. Namjua mwanamke mmoja tu ambaye sindano yake inatembea hivyo. Na uzi wa bluu niliujua pia. Ulitoka kwenye kibobina changu. Alikuja kuuomba kabla ya Pasaka, akasema mtoto amepasua kaptula.

Kumbe nilikuwa mtazamaji. Miaka tisa mstari wa mbele, mtazamaji kama wengine.

Nitaandika na hili, ingawa naona haya. Wakati ule sikufikiri tena juu ya mishono. Mwanaume akificha kazi ya mkono wa mwanamke mwingine chini ya kazi ya mke wake, mke anafikiri nini? Nikakunja mifuko miwili ya flaneli chini ya kikwembe changu, nikatoka kwenye mvua. Kwa Feza ni parcelle mbili tu, viwanja viwili kutoka kwetu. Leo zilikuwa ndefu.

Alikuwa anachambua mchele mezani.

"Mama Monga! Mu mvua hii? Ikala. Uko na sura ya mutu anatoka ku kilio."

Sikukaa. Nikautupa mfuko wa kiraka kando ya mchele. Aliutazama, hakuugusa.

"Ah," akasema. "Na ule wa mupya umeona?"

"Nimeona yote. Feza, unalala na bwana yangu?"

Alifungua macho, kisha akacheka, kicheko chake kile cha kutoka tumboni. "Miye? Na ule wa kukoroma?"

"Unajua je kama anakoroma?"

"Eh! Katuba muzima inajua! Uliza mama wa ng'ambo, anasemaka batoto yake banaamka!"

Nilikaribia kucheka, kaye. Ndiyo ubaya wa Feza, anaweza kukuchekesha hata ukiwa umekuja kumpiga. Nikajizuia. Nikamwambia aape.

"Wallahi. Mungu yako na yangu ni mumoja, ananisikia. Ni mufuko tu."

"Tangia wakati gani?"

"Tangia Kasenga."

Kasenga! Ndiyo safari ya kwanza ya mfuko wangu. Mchuuzi mmoja wa samaki alimwita huko Luapula acheze kwenye arusi ya binti yake. Baba Monga alirudi na kikapu cha samaki wa kukaushwa. Nilimuuliza hata kabla hajavua viatu: na yai? Akajibu, "Ilienda muzuri sana." Niliwapika samaki wale kwa furaha, nikaita majirani. Feza alikuwapo. Nakumbuka alinyonya mpaka mifupa ya kichwa.

"Yai ilianguka," Feza akasema. Sasa hakucheka. "Ikapasuka pa kiatu yake. Ganda tupu, na nta yako, bantu bote bakaona. Bavuvi bakashika matumbo. Bakamuita Professeur Ganda mpaka akapanda camion. Ile samaki ilikuwa ya kumuhurumia."

"Na weye ulikula pa meza yangu."

"Nilikula. Ulikuwa unaimba, ndugu yangu. Weye ungesema?"

"Ningesema."

"Bon. Miye sikuweza. Kesho yake akakuya hapa, akasimama pa mulango sawa mutoto wa masomo. Akasema: Feza, unishonee ingine, lakini mama asijue, akijua ataumia, ataacha kushona. Nikafikiri ni kwa mwezi moja. Ikakuwa mwaka. Kisha ikakuwa ngumu."

"Na uzi yangu? Uliniomba uzi yangu!"

Hapo tu ndipo aliinamisha kichwa. Nikauliza lililobaki, ingawa sikutaka jibu. Mayai ninayotoboa kila posho, yanakwenda wapi?

Alitazama mvua. "Anaitupaka mu pipa ya cercle. Ile anapasuaka mu glasi iko ya kuku yangu."

Nilifikiri juu ya mashavu yangu, kaye. Miaka tisa ya kupuliza.

"Basi mulikuwa munanihurumia," nikamwambia. "Bote wawili."

"Ungependa nilale naye, eh?" Sasa na yeye alikuwa na machozi, na hasira. "Ile ungeelewa mbio! Ungenipiga, tungelia, baba padiri angesema maneno, bingeisha. Hii ya huruma, njo haujue ufanye nayo nini."

Amesema kweli, na leo namchukia kwa sababu hiyo. Nikachukua mifuko, nikageuka. Nilipofika mlangoni akaniita nyuma, "Anabebaka ya kwako kila safari! Anasema iko ya bahati!"

Yaani mimi ni medali. Medali ya mtakatifu unaivaa shingoni, unaibusu, unaenda nayo safari. Huifanyii kazi.

Nimerudi, nimekaa kitandani kando ya ile mifuko. Hili nalo naandika, Bwana anisamehe. Nilichukua sindano. Mishono minane tu ingetosha kufunga mdomo wa mfuko wa siri katika flaneli zote mbili. Kesho angepindua, na yai lingemwangukia mbele ya wakubwa wa Bel-Air wenye picha ya Kiongozi kifuani, na wageni wa Kinshasa, watu ambao hujui watacheka au watauliza jina lako kamili. Nilimwona amesimama pale na kiatu chake. Nilipenda nilichokiona.

Nikatafuta uzi mwekundu. Nikaulinganisha na flaneli dirishani, mmoja haukufaa, nikatafuta mwingine, ili mshono usionekane. Hapo nikajishika. Hata ubaya nilitaka kuufanya usafi, ili mtu aseme ni kazi nzuri. Nikarudisha sindano kwenye mto wake. Kama nitamwangusha, si kwa mikono hii. Sista aliishika mikono hii akaifundisha, na padiri aliibariki.

Lakini sijasamehe. Nisiandike uongo humu. Najaribu kusali na ninakwama mahali pamoja: zile kumi za rozari. Kila posho nimeombea yai ambalo halikuwa ndani ya mfuko wangu. Lilikuwa salama bila mimi. Je, zilikwenda wapi? Zilimfikia nani? Au huko juu nako walinitazama wakasema, muache, ana furaha, anaimba?

Nimeona pia jambo lingine, na linauma zaidi. Angerudi kutoka Kasenga akaniambia, mama, mdomo uko vibaya, uangalie chini, ningelia siku moja. Siku ya pili ningefumua. Mimi nimefumua nguo za arusi, nimefumua hata kanzu ya Misa iliyobana makwapa. Kufumua ndiyo nusu ya kushona. Hakunipa nafasi hiyo. Feza alipewa. Na Feza, kabla ya kuwapa wengine mkono wake wa kushoto, alikuwa wangu.

Saa kumi na moja amerudi. Mvua imemlowesha, anapiga mluzi, amefurahi kwa ajili ya kesho. Amenikuta naosha mboga. Mifuko nilikuwa nimeirudisha sandukuni, imekunjwa kama alivyoikunja.

"Mama Monga, mayai ya kesho iko?"

"Iko."

"Matatu?"

"Moja itatosha."

Hakusikia vizuri, au alifikiri kwamba mayai yamekuwa haba sokoni kama vitu vyote. Akanishika bega kwa mkono wa baridi. Akasema lile neno. Alilisema lote, bila kupunguza: bila mufuko yako, miye niko mutu wa bure. Nami nilimtazama usoni wakati akisema, kwa mara ya kwanza nikimtazama kama wanavyomtazama wale wa ukumbini, na nikaona jinsi anavyofanya vizuri. Jicho halicheki. Sauti haitetemeki. Huyu ni Professeur kweli.

Au labda anasadiki. Hilo sijui, na leo sina nguvu ya kulijua.

Sasa yuko nje anakata kuni chini ya bati, nasikia shoka. Nimeamua, kaye, na nitaandika ili asubuhi nisijidanganye. Kesho sitatoboa yai. Nitalichukua moja, zima, zito, na ute wake na kiini chake, na nitaliweka mezani pa kahawa yake, ndani ya mfuko wa flaneli, ule wa kiraka cha bluu. Mdomo juu, ili alione. Sitasema neno. Yeye ndiye mwenye kazi ya kugeuza. Ageuze.

Akitaka kusema, nitasikiliza mpaka mwisho, hata akichelewa Bel-Air. Akinyamaza, basi nitakwenda ukumbini kama kawaida, lakini nitakaa nyuma, mlangoni, pamoja na wale wanaokuja kushangaa, na rozari nitaiacha nyumbani juu ya msumari wake.

Feza sijui. Kiti cha kando yake kitamwambia.

Kesho ni posho. Watoto wataamka mapema, watakaa mezani na sahani zao, watauliza omelette iko wapi. Nitawaambia wamuulize baba yao.